Maikro-siti ya kulipia kwa oksijeneta zilizotumika: nyota 4, ila mwage maji kwanza

Maikro-siti ni picha za eksirei zinazopigwa kutoka pande zote hadi unaona ndani ya kitu tabaka kwa tabaka. Kwa wasiojua ECMO, mashine inayoshika kazi ya mapafu, niseme hivi, mapafu ya mgonjwa yakigoma kabisa damu yake inatolewa kwa mpira mnene, inapitishwa kwenye kiboksi cha plastiki chenye maelfu ya vinyuzi vyenye tundu, hewa ya oksijeni inapita ndani ya vinyuzi na damu nje yake, halafu inarudi mwilini. Hicho kiboksi ndo oksijeneta, ndo pafu lenyewe. Sasa damu ikigusa plastiki inataka kuganda tu, hata mgonjwa akiwa kwenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande.

Mimi nasoma huku Ujerumani na kazi yangu ni viboksi vilivyokwisha kutumika, kujua mabonge ya damu yamejificha wapi. Wodini wanamulika tochi na kuangalia presha kabla na baada ya kiboksi, presha inakwambia kuna kitu kimeziba lakini haikuonyeshi kiko wapi, na tochi inaishia juujuu tu. Na kubadilisha kiboksi si mchezo, mzunguko unasimamishwa na kwa muda huo mgonjwa hana pafu.

Nikapeleka viwili kwenye maabara moja ya maikro-siti. Cha kwanza waliharibu, wakakipiga picha kikiwa bado kimejaa maji ya chumvi, na kwa eksirei bonge na maji havipishani sana, basi picha nzima kijivu kitupu na hela nikalipa. Iliniuma kweli maana kwenye fomu nilikuwa nimeandika wamwage maji kwanza. Cha pili nikasimamia mwenyewe, tukamwaga, tukapuliza hewa, tukapiga, tukakausha tena tukarudia, kwa sababu tone la maji lililonasa linafanana na bonge, kinachobaki palepale mara zote mbili ndo bonge.

Aisee! Yule dada fundi akawa anashuka tabaka kwa tabaka kwenye skrini, unaona vinyuzi vimepishana kama mkeka, safi, safi, halafu kwenye kona ya upande damu inapotokea, pale inapokwenda polepole, doa zito limejaza nafasi kati ya vinyuzi tabaka nyingi kwenda ndani. Kona hiyohiyo mimi na tochi yangu nilikuwa nimeandika "safi" kwenye daftari. Nilinyamaza kabisa.

Nyota moja nimekata kwa lile kosa. Mjue pia unyuzi mmoja una upana wa kama mikromita 380 tu, yaani chini ya nusu milimita, ukipiga kiboksi kizima picha haionyeshi vitu vidogo vizuri, kuona unyuzi mmojammoja lazima ukate kipande. Na bonge likikauka linasinyaa, kwa hiyo mahali lilipo amini, ukubwa wake usiuamini sana. Faili ni kubwa mno, nenda na hadidiski yako.

Cha tatu napeleka wiki ijayo, na nimeshaomba yule dada ndo akipige, nami nikiwepo.