Nyuzi zangu za mkonge wamezisahihisha kama unga!!

Naandika hii nikiwa bado nimevimba, mnivumilie. Kama miezi miwili mitatu hivi iliyopita nilipeleka mkonge wa Tanga kupigwa eksirei, ili madoa ya mionzi inayotawanyika yaonyeshe fuwele za ndani zimepangwaje, kwenye maabara moja ya kulipia, jina silitaji maana bado nawahitaji. Zile nyuzi nilizichambua moja moja, nikazinyoosha, nikazipanga sambamba kwenye kikadi chenye tundu katikati, ncha nikazigandisha kwa gundi, na mshale nikachora kwa peni nyekundu kuonyesha zimelala vipi. Usiku mzima uliishia hapo.

Majibu yakaja kwa imeili, faili la Excel, kolamu imeandikwa "zimesahihishwa", yani nguvu za madoa zimerekebishwa kwa fomula ya Lorentz, ile ya kufidia jinsi pembe inavyobadilisha nguvu ya doa. Nikafurahi mwenyewe. Nikafungua fomula, mama yangu, wametumia ya unga! Yani mkonge niliopanga kwa mkono unahesabiwa kama nimeutwanga kinuni. Kwenye unga fuwele zinaangalia kila upande, mionzi inatoka duara zima na mashine inaonja kipande kidogo tu cha hilo duara. Nyuzi sio hivyo. Madoa yanakaa kwenye mistari yake, na kwa kuwa fuwele za ndani, za selulosi, hazijanyooka zote, kila doa linavutika kuwa tao, likiwa mbali na katikati ndio linazidi kurefuka na kufifia, kwa hiyo unajumlisha tao zima, huchukui kilele tu ukaondoka. Nikapiga hesabu mwenyewe, mionzi ya shaba (eksirei zinazotoka kwenye shaba), doa la digrii 15 (ndiyo pembe ambayo mionzi inapinda) na lile kubwa la digrii 22.7, yote ya ikweta, ule mstari unaokatisha nyuzi: fomula yao inalishusha la 15, ukililinganisha na la 22.7, mara moja na nusu zaidi ya inavyotakiwa. Mara moja na nusu! Na hapo nimelipia usahihishaji kama huduma ya ziada.

Nikapiga simu. Jamaa ananiambia, "Dada, hii mashine inafanya kazi tangu wewe hujaanza chekechea, hakuna aliyewahi kulalamika." Nikamuuliza, mshale mwekundu uliuona? "Mshale gani?" Nilikata simu nikanywa maji.

Ila niwe mkweli. Baada ya kumbembeleza siku kadhaa akanitumia picha ghafi, na ile picha jamani ni nzuri mno, ikweta imenyooka kama uzi wa fundi muashi, ukungu wa nyuma laini, ule wa hewa na gundi unaondoka kirahisi. Nikamsamehe nusu. Halafu nikatafuta doa la meridiani (mstari unaofuata urefu wa nyuzi), lile la digrii 34 na ushee, nakuta limefifia hovyo, nikawaka tena, kumbe kulipata sawasawa inabidi kikadi kiinamishwe digrii 17 hivi na kwenye fomu mimi mwenyewe sikuandika. Na pale juu hata fomula ya Lorentz ya nyuzi haifai kuitumia kibubusa, ukikaribia meridiani namba inapaa hadi inakuwa upuuzi. Kwa hiyo sio yote ni yake.

Nilitaka kutoa nyota moja. Kwa upimaji natoa nne, usahihishaji sifuri, na ile "mshale gani" natoa hasi. Chukueni picha ghafi, hesabu fanyeni nyumbani. Wiki ijayo narudi palepale na kikadi kipya, safari hii mshale nimechora mbele na nyuma, na nimeandika DIGRII 17 kwa maka pen.