Dawa ya D/2 ya kusafishia mawe ya makaburi: nyota 4, ya 5 isubiri

Nilinunua galoni moja mwezi wa nane kwa ajili ya makaburi ya ukoo wa mzee jirani yangu, huku jimbo la Iowa, Marekani. Ni kipande kidogo katikati ya shamba la mahindi, mawe 11 tu, ya wazee waliokuja kulima wakati jimbo lenyewe bado changa (lilizaliwa 1846). Sheria ya hapa inayaita makaburi ya waanzilishi: ndani ya miaka 50 maziko yasizidi 12. Hapa hata moja halijafanyika. Nyasi hufyekwa na watu wa kaunti, mawe ni juu yetu.

Mimi nilikwenda na mazoea ya nyumbani Kigoma, jiki na brashi ya waya. Mzee nusura anipokonye ndoo. Jiki huacha chumvi ndani ya marumaru, na jiwe huanza kumumunyuka taratibu. Brashi ya waya huondoka na majina ya watu. Mashine ya kuoshea magari ndiyo usithubutu kabisa. D/2 haina jiki wala asidi, na hata makaburi ya wanajeshi wa Marekani husafishwa nayo.

Lowesha jiwe chapachapa, pulizia dawa, ngoja dakika 10 hadi 15, sugua kwa brashi laini ukianzia chini, kisha suuza. Ukianzia juu, uchafu utatiririkia sehemu kavu na kuacha michirizi. Jiwe linalobanduka magamba usiliguse.

Siku ile ukijani ulitoka, weusi ukabaki. Nikajua pesa imekwenda. Mzee akasema, "Liache, mwanangu, mvua itamalizia."

Kumbe dawa huendelea kuua kuvu kwa wiki kadhaa. Wiki ya sita nilirudi kwenye jiwe fupi la pembeni, lile lenye nundu juu ambayo nilidhani ni bonge la kuvu. Ni mwanakondoo amelala, kachongwa mpaka masikio. Chini yake umri unasomeka: mwaka 1, miezi 4, siku 9. Mtu alihesabu mpaka siku. Mzee alivua kofia, na mimi nikajikuta nasema inna lillahi.

Tumesimama kwa sababu ya baridi: maji yakiganda ndani ya jiwe hulipasua. Yamebaki mawe mawili, na dawa chupani inatosha. Nyota ya 5 nitaitoa mwezi wa tano.