Skripti ya anayejifunza ya kupekua vipande vya msimbo: uzoefu wangu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikirundika vipande vya msimbo kwenye folda moja: namna ya kusoma CSV kwa Python, amri ya kupunguza ukubwa wa picha, ulizo la SQL lililowahi kuniokoa usiku. Kuvihifadhi hakukunishinda. Kilichonishinda ni kuvipata tena, na mara nyingi niliishia kuandika upya kitu nilichojua kabisa kimo humo.

Miezi mitatu iliyopita nilianza kutumia skripti ya Bash (lugha ya kuandikia amri za kompyuta) iliyoandikwa na mtu anayejifunza. Ina mistari 40 hivi. Unaipa neno, grep inalitafuta kwenye folda nzima, kisha select inapanga majina ya faili kwa namba. Ukichagua namba, faili linafunguka ndani ya less, programu ya kusomea faili. Ni hayo tu, na kwangu yametosha.

Kasoro yake kubwa niliiona siku ya kwanza. Faili langu "soma csv.py" lilijitokeza kwenye orodha kama mawili, "soma" na "csv.py", na hakuna hata moja lililofunguka. Matokeo ya grep yalikuwa yamewekwa ndani ya $(...), alama inayochukua matokeo ya amri, bila alama za nukuu, na hapo Bash hukata kila inapokuta nafasi. Kuzungushia nukuu peke yake hakusaidii, maana orodha nzima inageuka jina moja refu. Dawa ni kusoma matokeo mstari kwa mstari. Nikaweka amri ya mapfile -t, inayoingiza mistari yote kwenye orodha: kwenye Linux ikakubali, kwenye Mac ikagoma, kwa kuwa Bash inayokuja na Mac ni toleo la 3.2 na mapfile ilianza toleo la 4. Nikahamia while IFS= read -r, inayosoma mstari mmoja mmoja, na tangu hapo sijapata shida, iwe Linux au Mac.

Nimejaribu pia fzf, programu ya kutafutia. Inachuja orodha kadiri unavyoandika, na ukiiongezea --preview unaona yaliyomo kabla ya kufungua. Mwenye maelfu ya faili ningemshauri aanze nayo. Lakini skripti hii niliisoma yote kwa kikao kimoja, na ilipoharibika nilijua pa kugusa. Kwa anayejifunza, naona hilo lina thamani kuliko kasi.

Nilichokuwa nakikosa ni rangi. Wiki hii nimeweka bat, programu inayoonyesha faili kwa rangi, mahali pa less, nikabadilisha neno moja tu, na sasa maelezo na msimbo wenyewe vinatofautiana waziwazi.