Koti limetoka malengelenge, suruali siidai kitu

Kama umepata kazi yako ya kwanza kwenye mambo ya fedha na umeambiwa uje na suti, usikanyage duka nililonunua yangu. Au kanyaga, lakini chukua suruali tu, koti uwaachie wenyewe.

Nililipeleka kwa dobi mara moja tu. Liliporudi, kifua chote cha koti upande wa kushoto kilikuwa kimetoka malengelenge, kitambaa kimefura vipele vipele. Ukipitisha kiganja unayahisi, na ukisimama chini ya taa za ofisini yanaonekana hata kwa aliye mlangoni. Wiki hiyo tulikuwa na wakaguzi wa hesabu, na nawaapia mmoja wao alinitazama kifuani kuliko alivyotazama leja.

Sababu nimeijua baadaye. Kati ya kitambaa cha nje na bitana kuna tabaka gumu linalokipa kifua umbo. Kwenye makoti mazuri tabaka hilo linashonwa kwa uzi, kwenye haya yetu linabandikwa kwa gundi na moto. Gundi ikiwa hafifu, joto la pasi au dawa ya dobi inaiachanisha, kitambaa kinafura. Kabla ya kulipa, finya koti chini ya tundu la kifungo cha mwisho, uvute kitambaa cha mbele na cha nyuma kila kimoja upande wake. Ukisikia tabaka la tatu linacheza katikati, limeshonwa. Usiposikia kitu, ni gundi. Gundi si dhambi, wengi wanavaa hizo miaka na miaka. Yangu ndiyo ilikuwa gundi ya kubandikia bahasha.

Sasa twende kwa muuzaji. Nimefika na koti mkononi na risiti, yeye yuko kwenye simu, hata kichwa hakuinua. "Kaka, hili umelivaa sana." Nikamwambia limefuliwa mara moja. "Basi wewe una jasho jingi." Wateja wamejaa! Nikamwonyesha lebo ya ndani, ile alama ya duara yenye herufi P, maana yake dobi anaruhusiwa kulisafisha kwa dawa. Akaniambia hiyo ni michoro ya kiwandani. Halafu, huku anacheka: "Kwani kazini kwenu wanakaguana vifua?"

Sijawahi kutamani kumrushia mtu henga kama siku ile. Huduma sifuri. Hapo hata ingekuwa wanagawa bure ningewaambia msiende.

Ila kuna fundi wao wa nyuma, mzee mmoja na futi yake shingoni, na huyo siwezi kumtia kapu moja na wale. Siku ya kununua yeye ndiye aliyenikatalia koti la kwanza nililolipenda. Alisema mikono inapunguzwa, kiuno kinapunguzwa, bega likikupwaya usimsumbue fundi. Mikono akaikata hadi mkono wa shati uchungulie kama sentimita moja. Akafumua ule uzi wa msalaba kwenye mpasuo wa nyuma ya koti, wa kushikizia tu hadi linunuliwe, ambao nimeona mabosi wazima wanatembea nao. Na akaninong'oneza ninunue suruali mbili kwa koti moja, kwa sababu mtu wa mezani humaliza makalio ya suruali kwanza. Muuzaji, nani mwingine, akasema haziuzwi hivyo.

Na suruali yenyewe, jamani. Ni ya sufu. Naitundika usiku imejikunja, asubuhi imenyooka bila pasi. Mstari wa mbele haujapotea tangu ninunue. Nakaa nayo kwenye kiti kutwa nzima na haijaanza kung'aa nyuma kama ile ya poliesta niliyoivalia usaili. Nilikuwa nimepania kuwapa nyota moja, lakini nikiitazama suruali mkono unakataa. Weka tatu. Hapana, mbili, nimekumbuka lile la jasho.

Yule mzee nilikutana naye nje nikiwa natoka na hasira zangu. Akalishika koti, akalifinya, akatikisa kichwa. Gundi ikishaachia hairudi sawasawa, ila amesema nimletee ajaribu kuibana kwa pasi na kitambaa kibichi, na hela hataki. Nitakwenda. Nasubiri siku ambayo yule wa kwenye simu hayuko zamu.