Chanjo ya La Sota ya kunywesha: tathmini baada ya makundi manne ya kuku wa mayai

Kwa makundi manne mfululizo ya kuku wa mayai nimetegemea chanjo hai ya La Sota, ile ya chupa ndogo ya dozi 1000 inayochanganywa na maji ya kunywa, katika kuwakinga kuku dhidi ya kideri, ugonjwa ambao wengine huuita mdondo. Nimetumia chupa za watengenezaji watatu na sikuona kati yao tofauti ya kunifanya nimsifu mmoja na kumwacha mwingine, kwa hiyo tathmini hii ni ya chanjo yenyewe na ya njia ya kuinywesha. Kilichomo ndani ya chupa nakipa alama za juu. Njia ya maji, ambayo ndiyo inayowavutia wafugaji wengi, ndiyo iliyonisumbua zaidi.

Kirusi cha chanjo hii kilipatikana mwaka 1946 huko New Jersey, Marekani, na jina lake ni la mwenye shamba kilikotoka. Kilikuwa kipole tangu mwanzo, ingawa si kipole kama kile cha Hitchner B1, chanjo hai nyingine ya kideri, ambacho vifaranga wadogo hukivumilia vizuri zaidi. Kikiingia mwilini huzaliana kwenye utando wa njia ya hewa na wa utumbo, yaani palepale ambapo kirusi kikali kingepitia, na mwili huanza kutengeneza kingamwili kabla adui mwenyewe hajabisha hodi. Nimewahi kuulizwa kama chanjo ya zamani namna hii bado ina kazi, wakati virusi vya kideri vimebadilika sana kinasaba. Kazi bado inayo, kwa kuwa pamoja na mabadiliko hayo yote kingamwili za La Sota huvitambua bado. Jambo ambalo lebo hailisemi kwa sauti ni kwamba kuku aliyechanjwa hukingwa asiugue na asife, lakini akikutana na kirusi kikali anaweza kukibeba na kukitoa kwa kinyesi na kwa pumzi bila kuonyesha dalili yoyote, na ndiyo maana sijawahi kuondoa chombo cha dawa ya kukanyagia mlangoni mwa banda.

Ndani ya chupa kuna kidonge cheupe cha virusi vilivyogandishwa na kukaushwa, ambacho kinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi tangu kinapotengenezwa hadi kinapofika mkononi mwa mfugaji. Kikiwa kizima huwa kikavu, kimeshikana, na kwa kawaida hucheza chupa inapotikiswa. Kwa kundi la pili niliuziwa chupa iliyoviringishwa kwenye gazeti, ndani ya mfuko wa barafu ambayo ilikwisha kuwa maji ya vuguvugu, na kidonge kilikuwa kimesinyaa na kunata kwenye kioo. Chupa nyingi za aina hii hufungwa zikiwa zimeondolewa hewa, hivyo sindano yenye maji ikitoboa kizibo cha mpira, maji hufyonzwa yenyewe. Ile haikufyonza hata tone. Niliinywesha hivyo hivyo, kwa sababu muuzaji alikuwa ameniapia kwamba haina neno, nami nilikuwa nimekwisha kuwanyima kuku maji tangu alfajiri. Wiki tatu baadaye daktari wa mifugo alichukua damu za kuku kadhaa, na majibu yalikuwa kama ya kuku ambao hawajawahi kuona chanjo. Tulichanja upya. Tangu siku hiyo nabeba kisanduku changu cha baridi hadi dukani, na chupa iliyonyauka nairudisha palepale kaunta.

Sehemu ngumu hasa ni maji, na karatasi ya maelekezo huipitia kwa mistari michache tu. Virusi vya chanjo ni viumbe dhaifu: klorini inayosafisha maji ya bomba huviua kama inavyoua vijidudu vingine, na mabaki ya sabuni au dawa ya kuoshea vyombo hufanya vivyo hivyo. Mimi huacha kutia dawa yoyote kwenye maji siku mbili kabla, huosha vyombo kwa maji matupu na brashi, kisha asubuhi ya kuchanja huchanganya gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita ya maji na kuyaacha kwa muda wa nusu saa ndipo nifungue chupa. Maziwa hayo huidhibiti klorini iliyobaki na kuvihifadhi virusi. Yenye mafuta hayafai, kwa kuwa hukwamisha mabomba na kuacha utando unaonuka. Chupa yenyewe naifungulia ndani ya ndoo, chini ya maji, ili lisipotee hata tone.

Kipimo cha maji ndicho kilichonichukua muda mrefu kukielewa. Chanjo inatakiwa inywewe yote ndani ya saa mbili hivi, kwa sababu baada ya hapo virusi vinaendelea kufa ndani ya maji, lakini pia isiishe kwa nusu saa, maana hapo wenye nguvu wamekunywa na wanyonge wamepigwa mabega. Kanuni inayotumiwa sana ni kuhesabu lita moja kwa kila kuku 1000 kwa kila siku ya umri, yaani kuku 1000 wa siku 21 wapewe lita 21. Kanuni hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini siku za joto huniletea upungufu, kwa hiyo siku ya kutangulia hupima maji wanayokunywa katika saa zilezile na kufuata kipimo hicho. Kuwanyima maji kwa saa moja hadi mbili kabla ya chanjo kunatosha. Ukizidisha, hugombania vyombo na kumwaga.

Kundi la tatu lilikuwa kwenye mabomba yenye chuchu za kunyweshea, na hapo nikateleza tena kwa kusahau kwamba bomba refu lilikuwa bado limejaa maji ya jana. Kuku wa mwisho wa banda walikunywa maji matupu karibu muda wote, huku wenzao wa karibu na tangi wakinywa chanjo. Bila rangi nisingejua. Nilikuwa nimetia ile rangi ya buluu inayouzwa kwa kazi hii, ambayo hutia alama ulimini na goleni (mfuko wa chakula shingoni mwa kuku), na nilipowakamata kuku kutoka pembe zote nne za banda, wa upande wa mbali walifungua midomo ikiwa na ndimi safi kabisa. Sasa hufungua kizibo cha mwisho wa bomba na kusubiri hadi maji ya rangi yatokee ndipo nishushe chuchu kwa kuku. Rangi hiyo ningependa iwekwe ndani ya boksi la chanjo badala ya kuuzwa kando, kwani ndiyo njia pekee ya mfugaji kujikagua siku ileile.

Baada ya chanjo, kati ya siku ya tatu na ya sita, tarajia chafya na mkoromo mwepesi. Katika banda lenye hewa nzuri hali hiyo huisha yenyewe, lakini penye harufu kali ya amonia, au kuku wakiwa na ugonjwa wa mfumo wa hewa uliojificha, mkoromo hugeuka kuwa maradhi kamili. Kuku anayeonekana mgonjwa mimi simchanji. Mchanjaji naye ajiangalie: kirusi hiki kikiingia jichoni kwa binadamu huleta wekundu na machozi kwa siku kadhaa, jambo ambalo nimelipata mimi mwenyewe kwa kujifuta jasho kwa mkono uliolowa.

Nikiilinganisha na njia nyingine, tone la jicho ni bora kwa usawa wa kinga, kwa kuwa kila kuku hupitia mkononi, na kwa kundi dogo sioni sababu ya kuhangaika na maji. Mahali ambapo baridi haiaminiki, ningechagua chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa kuwa inastahimili joto zaidi, hata ukikosa jokofu kwa muda. Kwa kuku wanaokaribia kutaga, sindano ya chanjo yenye mafuta, ambayo virusi vyake vimeuawa, ikitanguliwa na La Sota, huwapa kinga ndefu ambayo maji peke yake hayajawahi kunipa.

Lawama yangu ya mwisho ni ya ukubwa wa chupa. Ikishachanganywa haiwekwi akiba, na mwenye kuku 300 hulazimika kumwaga sehemu kubwa ya kile alicholipia au, kama nilivyoona wengine wakifanya, kuigawa chupa kwa majirani watatu ambao mmoja wao huwa hajafika saa mbili zikiisha. Chupa za dozi 200 zipo kwa baadhi ya watengenezaji, ila wauzaji huagiza kubwa tu. Mimi na wafugaji wenzangu wawili sasa tunapanga vifaranga wetu waingie wiki moja, tuchanje siku moja, kila mmoja akiwa na ndoo yake tayari kabla chupa haijatoka kwenye barafu.