Chakula cha moto siku ya Sabato: bati juu ya gesi au plata ya umeme?

Tangu Ijumaa jua linapotua hadi nyota za Jumamosi usiku, takriban saa 25, Myahudi anayeshika sheria hawashi moto wala hapiki. Ila chakula kilichopikwa mapema chaweza kubaki jikoni, mradi moto wenyewe umefunikwa.

Njia ya zamani ni blekhi: bati linalofunika jiko la gesi, mara nyingi pamoja na swichi zake. Bei yake ndogo, lakini gesi inaungua usiku kucha, na supu ikifurika ikauzima moto, hakuna kuwasha tena. Gesi ikivuja na maisha yakawa hatarini, Sabato inakaa pembeni: funga mara moja.

Plata ni bamba la umeme lisilo na swichi ya kuongeza joto. Ni ghali zaidi, usafi wake ni kupangusa tu, na haina mwali wa kukutia hofu ukiwa na watoto. Umeme ukikatika, basi, mtakula baridi. Utamu wake hasa ni huu: Rabi Ovadia Yosef, aliyekuwa kiongozi wa dini wa Wayahudi wa Kisefardi (wenye asili ya Hispania na nchi za Kiarabu), aliruhusu kuweka juu yake, hata Sabato ikiwa imeshaingia, chakula kikavu kilichokwisha kuiva, hata kikitoka kwenye friji. Waashkenazi wengi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, hawakubali, hivyo kwao faida hiyo haipo. Na kama umeme wa mtaani kwenu hauaminiki, bati litakufaa zaidi.