Sikio limeziba nta: cha kununua na cha kuacha dukani

Nta si uchafu. Sikio huitengeneza lenyewe ili inase vumbi na kuzuia maji, kisha taya zikitafuna huisogeza nje kidogo kidogo. Kama unasikia vizuri na sikio halijajaa, hifadhi hela yako. Na kama linauma, linatoa usaha au kiwambo chake kiliwahi kutoboka, usinunue chochote hapa, nenda hospitali.

Nafasi ya kwanza naipa mafuta ya zeituni, kile kichupa kidogo cha duka la dawa chenye mpira wa kudondoshea. Kipashe joto kiganjani kwanza, maana tone la baridi huleta kizunguzungu. Lala ubavu, vuta sikio juu na nyuma, dondosha matone mawili matatu, tulia dakika 5 hadi 10. Asubuhi na jioni, siku 3 hadi 5. Huenda usikivu ukapungua zaidi mwanzoni. Ni nta imelowa ikavimba.

Ya pili ni matone ya sodiamu baikaboneti. Yanalainisha vizuri ila hukausha ngozi ya sikio, kwa hiyo usizidishe siku. Ya tatu, matone ya peroksidi: watu huyapenda kwa lile povu na mchachariko wake, lakini huwasha wenye ngozi nyepesi. Tafiti zilizolinganisha matone haya hazijapata bingwa wa wazi, ndiyo maana sioni sababu ya kulipia ghali. Mwenye mzio wa karanga asome kiboksi. Baadhi yana mafuta yake.

Bomba la mpira la kuoshea ni la nne. Lina kazi baada tu ya nta kulainika, kwa maji safi ya joto la mwili, takriban nyuzi 37, tena kwa kubonyeza polepole. Mwenye kisukari asilitumie nyumbani.

Kijiko chenye kamera, hapana: picha ni nzuri, mkono ndio unaotetemeka. Pamba za vijiti huishindilia nta ndani. Mishumaa ya masikio haivuti kitu, inaunguza tu.

Muuzaji akikupa matone ya jentamaisini, mrudishie. Hiyo ni antibiotiki, haiyeyushi nta, na kiwambo kikiwa na tundu inaweza kuharibu usikivu. Siku 5 zikipita bila nafuu, muone daktari wa masikio, pua na koo. Ana mashine ya kufyonza, na anaona anachokifyonza.